Kadi Yangu, Safari Yetu Sote

Mshauri, shikamoo.

Nimekuwa nikiisoma safu hii nikiamini ni ya watu wenye matatizo ya ndoa. Langu ni la gari la kukodi na vyumba vya hoteli. Hata hivyo, ukifika mwisho wa barua utaona kwamba limeshaingia ndani ya familia yetu, na ndiyo maana nimekosa usingizi.

Tumezaliwa wanne, mimi ni wa tatu. Mdogo wetu alifunga ndoa ugenini, tukakubaliana twende wote pamoja na mama na shemeji yangu, mume wa dada mkubwa. Kazi ya kupanga nilipewa mimi. Kampuni ya magari ilitaka kadi ya mkopo yenye jina la anayekodi, na katika familia nzima mwenye kadi ya aina hiyo ni mimi. Kila mmoja alinitumia mchango wake wa gari na malazi kabla ya safari. Hapo sina lalamiko.

Shida zilianza kaunta. Foleni ilikuwa ndefu, mama akaketi juu ya sanduku lake. Gari nililolipia lilikuwa la watu saba. Nikaambiwa halipo, na kwamba uthibitisho wangu unasema "au linalofanana nalo". Tukapewa dogo zaidi, mabegi mengine tukayapakata magotini. Kisha kijana wa kaunta akaniambia bima iliyomo kwenye bei haitoshi, ninunue ya kuongezea, la sivyo atazuia kiasi kikubwa kwenye kadi yangu kama dhamana. Bei ya bima hiyo kwa siku ilikaribia bei ya gari lenyewe. Nilikataa, akazuia pesa. Nikatia saini kwa kidole kwenye kimashine ambacho skrini yake ilionyesha mistari miwili tu ya mkataba.

Usiku tulipofika hotelini, dada wa mapokezi aliangalia kompyuta yake, akaangalia tena, akasema vyumba vyetu vyote isipokuwa kimoja vimeshapewa wageni wengine. Hoteli imejaa. Nilikuwa nimelipa kila kitu mapema kupitia wakala wa mtandaoni, na nilikuwa na uthibitisho kwenye simu. Alisoma, akaomba radhi, akarudia kwamba hoteli imejaa. Mama miguu ilikuwa imevimba. Tukamlaza yeye na dada katika kile chumba kimoja, sisi wengine tukaenda hoteli ya jirani iliyokuwa ghali zaidi. Nililipa kwa kadi ileile. Tangu hapo wakala ananiambia niwaulize hoteli, hoteli wananiambia nimuulize wakala.

Siku ya kuondoka ndege ilikuwa alfajiri. Shemeji ndiye aliyeendesha mpaka uwanjani kwa sababu mimi nilikuwa nimekesha na mizigo. Ofisi ilikuwa haijafunguliwa, tukatumbukiza funguo kwenye kisanduku chao. Nililizunguka gari na tochi ya simu, sikuona kitu. Wiki kadhaa baadaye nikaletewa barua pepe yenye picha ya bampa: mkwaruzo wa urefu wa kidole karibu na gurudumu la nyuma. Wameshakata pesa za matengenezo, pesa za siku ambazo gari halikukodishwa kwa kuwa liko gereji, na ada ya kushughulikia faili. Nina hakika mkwaruzo ule ulikuwapo tangu tulipolichukua.

Niliweka barua ile kwenye grupu la familia. Kaka mkubwa akajibu, "Mkataba ni wako, na wewe ndiye uliyekataa bima." Dada hajaandika neno mpaka leo. Mdogo wetu alisema atalipa yote yeye, lakini ndio kwanza ameanza maisha, nikamkatalia. Mama hajui lolote, na juzi amenipigia simu kwa furaha: anataka mwisho wa mwaka twende tena kwa mdogo wetu, na mimi "niwapangie vizuri kama ile".

Naona aibu kuwadai ndugu zangu. Nikinyamaza, nasikia moto moyoni. Je, nidai, ninyamaze, au nikatae kabisa kupanga safari nyingine? Na hao wa gari na hoteli, niwaachie tu?

Ni mimi,
Mwenye Kadi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole. Pole ya pesa ni moja, lakini pole ninayokupa kwanza ni ya ule usiku wa mapokezi, umesimama na mzazi aliyechoka, uthibitisho mkononi, na hakuna chumba. Aliyewahi kufikwa na hilo anajua kwamba anayepanga safari huumia mara mbili: anakosa kitanda kama wengine, halafu macho yote yanamgeukia yeye.

Nikiisoma barua yako naona madeni matatu yamefungwa fundo moja. Kuna unachodai kampuni ya gari, kuna unachodai hoteli au wakala wake, na kuna ambacho unahisi unawadai ndugu zako. Yamekupata kwa kadi moja, kwa hiyo yanauma kwa pamoja, lakini kila moja lina njia yake na kila moja lina nguvu tofauti. Nadhani sehemu ya moto unaousikia ni kwamba jibu la kaka yako kuhusu bima limekufanya uone kama yote matatu yamekataliwa kwa mkupuo.

Nianze na hoteli, kwa sababu hapo naona una haki iliyo wazi kuliko unavyofikiri. Hoteli nyingi huuza vyumba kuliko vilivyopo kwa makusudi, wakitegemea kwamba baadhi ya wageni watafuta safari au hawatatokea. Hesabu hiyo ikikosea, anayefika usiku wa manane ndiye anayekuta vyumba vimekwisha. Desturi ya kazi hiyo ni kwamba hoteli yenyewe humtafutia mgeni chumba cha hadhi ileile mahali pengine, ikalipia angalau usiku wa kwanza na usafiri wa kumpeleka. Si kila nchi imeiweka desturi hii katika sheria, lakini wenye hoteli wanaijua vizuri. Ninyi mlijitafutia wenyewe na kujilipia, na hakuna aliyewazuia.

Usikubali kurushwa kama mpira kati ya wakala na hoteli. Fungua taarifa ya kadi yako uone ni jina la nani limeandikwa kwenye malipo ya vile vyumba. Huyo ndiye aliyepokea pesa, na huyo ndiye wa kuanza naye. Mwandikie mambo mawili yaliyotenganishwa: kwanza, urejeshewe pesa za vyumba ambavyo hamkupewa, pili, ulipwe tofauti ya bei ya hoteli ya jirani, na uambatanishe risiti. La kwanza ni gumu kulikwepa. La pili huenda likawa la kuvutana. Na kama ulilipia bei ile ya chini isiyorejeshwa, usitishike nayo. Sharti hilo ni la mgeni anayeghairi mwenyewe. Wewe hukughairi, ulifika.

Wakikataa, au wakikaa kimya, unaweza kuiomba benki yako ipinge malipo kwa sababu huduma haikutolewa. Kwa madai mengi ya aina hii kanuni za Visa na Mastercard huweka kikomo cha siku 120, ingawa siku zenyewe huhesabiwa tofauti kulingana na aina ya dai, na benki nyingine huwataka wateja wao wawahi zaidi. Watakuuliza kama ulijaribu kwanza kumalizana na muuzaji, kwa hiyo zile barua pepe za kurushana ambazo zimekuchosha usizifute. Ndizo ushahidi.

Sasa gari. Hapa nitakuuliza maswali, na naomba usiyachukue kama kukuweka kitimoto.

Unasema una hakika mkwaruzo ulikuwapo tangu mwanzo. Hakika hiyo imetoka wapi? Uliuona siku ile mnalichukua gari, au umeifikia baadaye kwa sababu hukumbuki kuligusisha popote? Zote mbili ni hisia za kweli, lakini mbele ya kampuni na mbele ya benki hazina uzito sawa. Na kuna uwezekano wa tatu: gari lilikaa kwenye maegesho baada ya ninyi kutumbukiza funguo. Mikataba mingi inasema kwamba ukirudisha gari ofisi imefungwa, linabaki juu yako mpaka mfanyakazi afungue na kulikagua. Aliyepaki pembeni mwenu asubuhi ile anaweza kuwa ndiye aliyeligusa, na bado mkataba ukakutazama wewe. Sisemi ni haki. Nasema usome kifungu hicho kabla hujaandika.

Lipo jambo umelitaja kwa kupita, nami limenisimamisha. Shemeji yako ndiye aliyeendesha asubuhi ile. Je, jina lake liliandikwa kwenye mkataba kama dereva wa ziada? Kama liliandikwa, basi, tuendelee. Kama halikuandikwa, ni vyema ulijue hilo sasa, ukiwa peke yako na karatasi zako, kuliko kuambiwa na kampuni. Katika mikataba mingi dereva asiyeandikwa akishika usukani, kinga ya bima inaweza kuondoka yote, hata ile ya msingi iliyomo kwenye bei. Ukianzisha mgogoro, inawezekana ukaulizwa nani aliyelirudisha gari. Siwezi kukushauri ujibu jambo lisilo la kweli. Ninachoweza kukuambia ni kwamba unaruhusiwa kupima, kabla hujaanza, kama kiasi walichokukata kinastahili kufunguliwa mlango huo.

Ukiamua kuendelea, usianze kwa kuwaita wezi. Waombe karatasi. Waombe fomu ya hali ya gari ya siku mliyolichukua, ile yenye mchoro wa gari na alama za mikwaruzo. Waombe picha ya bampa ikiwa na tarehe na saa yake. Waombe ankara ya fundi au makadirio yake, na kumbukumbu inayoonyesha gari lilikaa gereji siku ngapi, maana mkwaruzo wa urefu wa kidole kwa kawaida hauliweki gari gereji wiki nzima. Mara nyingine kampuni hupunguza au hufuta dai pale mteja anapoomba vielelezo kwa utulivu. Mara nyingine huleta vielelezo vyote, na hapo utajua umesimama wapi.

Na wewe una kitu ambacho huenda hujakifikiria. Mlikwenda harusini! Familia nzima ilikuwa ikipiga picha. Pitia simu za wote, zitafute zile ambazo gari linaonekana nyuma ya watu, hasa za siku ya kwanza. Picha ya mama yako amesimama karibu na gurudumu la nyuma, yenye tarehe ndani ya simu, inaweza kukuambia kama mkwaruzo ulikuwapo. Iangalie ukiwa tayari kwa jibu lolote.

Angalia pia taarifa ya kadi kwa makini: ile dhamana waliyoizuia imeachiliwa? Pesa iliyozuiwa haijatoka, imefungwa tu, na kuachiliwa kwake huchukua siku kadhaa, wakati mwingine zaidi. Wapo wanaokatwa pesa za madhara huku dhamana ikiwa bado imefungwa, wakadhani wamekatwa mara mbili. Na wapo waliokatwa mara mbili kweli. Kupinga malipo benki kuna hatari yake pia. Kampuni inaweza kukuweka kwenye orodha ya watu isiyowakodishia tena, na zipo kampuni ndugu zinazotumia orodha moja.

Nije nyumbani kwenu.

Maneno ya kaka yako yalikuwa makavu, na yaliandikwa mbele ya wote. Lakini hebu nikuulize: siku ile kaunta, ulipokataa bima, uliwashirikisha? Huenda kaka yako alikuwa nje akipanga mabegi na hakujua kwamba kulikuwa na uamuzi wa kufanywa. Wewe ulikataa ili kuwaokolea wote pesa. Yeye anaona uliamua peke yako. Ninyi wawili mnaweza kuwa mnasema kweli. Bila shaka angekuwa na la kusema pia kama ungenunua bima ile ghali na kurudi kuwaomba mchango zaidi. Hilo nalo ni sehemu ya mzigo wa mwenye kadi: faida ya kila uamuzi wako iligawanywa kwa wote, na hasara yake imebaki jina lako.

Kimya cha dada yako nakisoma tofauti kidogo na unavyokisoma wewe. Mume wake ndiye aliyeshika usukani wa mwisho. Akisema "tugawane", ataonekana anamlinda mumewe. Akisema "tutalipa sisi", amekiri jambo ambalo hana uhakika nalo, tena kwa niaba ya mtu mwingine. Huenda hajui aandike nini. Simu yako ya faragha kwake, ya kumjulia hali tu na kumweleza kwamba humtuhumu shemeji, ingeweza kufungua mdomo ambao grupu limeufunga. Ingeweza pia isifanye hivyo, na ikabidi ukubali kwamba hayuko tayari.

Kuhusu kudai, njia ziko kadhaa, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kulibeba lote kimya. Litaisha kwenye kadi, lakini kwa jinsi ulivyoandika, sioni kama litaisha moyoni, na ninahofu litatokea siku nyingine kwa jambo dogo lisilohusiana. Unaweza kumpokea mdogo wako alichokupa. Nia yake ni njema, lakini hapo wakubwa wawili watakuwa wamelipiwa na wa mwisho, na siku hiyo ikijulikana kwa mama yenu italeta maumivu mapya. Unaweza kuwagawia wote sawasawa, ukapata pesa na labda ukapata kinyongo pamoja nazo.

Ipo pia njia ya kuyatenganisha. Pesa za hoteli ya jirani mlilala wengi, na hakuna anayebisha kwamba zilitumika. Ungeweza kuwaandikia hivi: "Ndugu zangu, hii ndiyo hesabu yote ya safari, iliyolipwa na iliyobaki. Ya hoteli ninaidai kwa wakala. Ikirudi, nitaiondoa kwenye hesabu. Ya gari bado naomba vielelezo. Naombeni tuongee jinsi ya kuibeba ikishindikana." Hapo hujamshtaki mtu, na hujasema unasamehe. Umeweka karatasi mezani. Kaka yako anaweza bado kujibu alivyojibu. Angalau atakuwa anaijibu hesabu, wala si barua ya kampuni iliyotupwa grupuni ikiwa bado na hasira.

Mama yenu ni suala jingine. Umemficha kwa upendo. Lakini kwa kumficha, umemwacha aendelee kuamini kwamba kupanga ni kazi nyepesi unayoifurahia, na ndiyo maana amekupigia simu kwa furaha ile. Sikuambii umweleze habari za mkwaruzo. Nakuuliza tu kama anaweza kuambiwa kwamba safari ile ilikugharimu kuliko wengine, na kwamba safari hii kazi mtaigawana. Wewe ndiye unayejua afya yake na moyo wake.

Kukataa kupanga ni haki yako. Ila ukikataa bila kueleza, watapanga vibaya au hawatapanga, na mama atakuuliza wewe. Ukikubali, kubali kwa masharti yanayojulikana mapema na wote: dhamana ikikatwa nani anabeba, bima inunuliwe au isinunuliwe, na nani ataendesha. Kila atakayeshika usukani aandikwe kwenye mkataba hata kama kuna ada, na awe na leseni inayotambulika huko mnakokwenda. Nchi nyingi hutaka kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni ya nyumbani. Kinachotolewa chini ya mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani wa mwaka 1949 hudumu mwaka mmoja, kile cha mkataba wa 1968 kinaweza kufika miaka mitatu, na si kila nchi inavikubali vyote viwili, kwa hiyo muulize mwenye gari anataka kipi. Kuna pia bima ya kufidia hasara ya gari la kukodi inayouzwa na kampuni za bima zenyewe kabla ya safari, mara nyingi kwa bei ndogo sana kuliko ya kaunta. Hasara yake ni kwamba kaunta bado watazuia dhamana, na wakikukata utalipa kwanza ndipo ufidiwe. Kwa mwenye kadi kama wewe, hilo lina maana: pesa zitatoka kwako, hata kama zitarudi.

Na hoteli, pigeni simu moja kwa moja siku moja kabla, mseme mtafika saa ngapi. Mgeni wa usiku asiyejulikana kwamba yuko njiani ndiye chumba chake huuzwa kwanza. Kazi hiyo ya simu mpe kaka yako.

Haya ya familia yanaweza kungoja mpaka utakapokuwa na utulivu wa kuyasema. La benki lisingoje. Leo ukipata nafasi, tafuta tarehe ya usiku ule wa hoteli na tarehe ambayo makato ya gari yalionekana kwenye taarifa, kisha piga simu benki uwaulize una mpaka lini kwa kila moja.